Upande wa Kushoto wa Gari la Wagonjwa

Kila siku nikitoka shule saa tisa alasiri nilipitia karakana kumsubiri mama. Nilijua kazi zangu bila kuambiwa. Nilichukua bakuli zetu za chakula cha mchana, nikaziosha kwenye bomba la nyuma, kisha nikakaa juu ya kreti tupu karibu na meza yake, nikafanya hesabu za mwalimu huku misumeno ikilia. Mafundi waliniita Pilipili kwa sababu nina hasira za karibu. Hilo silifichi. Na kwa kuwa mimi nilikuwa Pilipili, mama naye, fundi mkuu wa bodi za magari, mwenye cheti ukutani na miaka kumi na mmoja kazini, aliitwa Mama Pilipili na kila mtu, hata meneja.

Jumatatu ile nilipofika, misumeno ilikuwa kimya.

Katikati ya uwanja lilisimama gari la wagonjwa la zahanati, lile dogo la magurudumu matatu linaloendeshwa kwa betri. Miezi minane iliyopita mama alijenga upande wake wa kushoto, Fundi Taratibu, mwenzake kazini, akajenga upande wa kulia. Sasa upande wa kulia ulikuwa mzima. Ule wa kushoto, wa mama yangu, ulitia aibu. Ulikuwa umejaa madoa meupe na malengelenge kama ya mtu aliyeungua, na ukiligusa lengelenge lilipasuka, unga mweupe ukamwagika. Chini, karibu na mlango, palikuwa na kitobo kinachoweza kupitisha kalamu.

"Nieleze, Mama Pilipili," meneja alisema, na hakuwa anaongea taratibu. "Bati ni moja, karakana ni moja, barabara ni ile ile. Upande wa mwenzako mzima, wako unaoza. Nieleze nielewe!"

Nesi mkuu wa zahanati alikuwa amekunja mikono kifuani. "Jana maji ya chumvi yaliingia kwa hicho kitobo yakamlowesha mama mjamzito aliyelala ndani," alisema. "Nimwambie nini yule mama? Kwamba mlitupatia kopo badala ya gari?"

Barabara ya kwenda zahanati inapita katikati ya mabwawa ya kuvunia chumvi. Kila mtu anajua hivyo, na mama alijua kuliko wote.

"Sijui bado," mama alisema.

"Hujui?"

"Nimesema sijui bado. Nipe hadi Ijumaa."

"Ijumaa saa kumi jioni," meneja alisema. "Ukishindwa kunieleza, meza yako anachukua Taratibu, na wewe utatafuta pengine pa kufanya kazi."

Damu ilinichemka. Nilimtazama Fundi Taratibu. Alikuwa anafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama afanyavyo kila kitu, bila haraka na bila neno. Mimi nikaona anatabasamu. Leo nikikumbuka, sina hakika kama alitabasamu, lakini siku ile ningekula kiapo.

"Ni wewe!" nilipiga kelele. "Umempa mama bati bovu! Unaitaka meza yake! Mwizi mkubwa wewe!"

Karakana nzima iligeuka. Mama alinishika mkono kwa nguvu hata nikahisi mifupa. "Muombe fundi radhi. Sasa hivi."

"Siombi!"

Mama akamgeukia Fundi Taratibu, akainamisha kichwa. "Nisamehe, Baba Njiti. Mtoto huyu nimemlea mwenyewe, na makosa ni yangu." Kumwona mama yangu akiinamisha kichwa mbele ya mtu yule kuliniongezea hasira. Fundi Taratibu alitikisa kichwa polepole, akarudi kwenye kazi yake.

Siku iliyofuata nilimkuta mama amepanga mabeseni matatu ya maji ya chumvi mezani. Katika kila beseni alikuwa ametia kipande cha bati kilichobaki siku ya kujenga gari lile. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mikono yake ilikuwa imetulia.

"Njoo uone kitu," aliniambia. "Hili bati ukilitazama unaona moja. Siyo moja, ni tabaka tatu. La katikati ni alumini iliyochanganywa na shaba kidogo ili iwe ngumu. Ni ngumu kweli, lakini chumvi inaila haraka. Ndiyo maana imevikwa alumini tupu pande zote mbili. Ile alumini tupu ni laini, haina nguvu ya kubeba chochote, ila chumvi haiiwezi kirahisi. Moja inabeba, nyingine inalinda."

"Hiyo ya kulinda ni nene kiasi gani?"

"Unywele wako mmoja ni mnene kama hiyo."

"Sasa si mngetumia chuma tu?"

"Chuma ni kizito. Betri ingekufa katikati ya mlima, na mgonjwa yumo ndani."

Alinionyesha mabeseni. Kipande cha kwanza hakikuguswa. Cha pili alikikwaruza mstari mmoja kwa msumari. Cha tatu alikisugua kwa msasa mpaka ile ngozi ya juu ikaisha kabisa. "Mkwaruzo mmoja si kitu," alisema. "Ngozi ya pembeni inajitoa iliwe yenyewe kwanza, ile ngumu isiguswe. Lakini ikiondolewa yote, hakuna cha kuilinda tena. Nadhani ndivyo ilivyokuwa pale. Kuna mtu ameivua ngozi."

Tulikwenda kwenye gari. Mama alishika kioo cha kukuzia, akanisogezea. Kati ya madoa niliona mikwaruzo midogo mingi, yote ya mviringo, duara juu ya duara.

"Hii ni ya waya wa kusugulia sufuria," mama alisema kwa hasira. "Na vipande vyake vimebaki humo ndani, ndiyo maana kumeoza haraka hivi. Tazama tena." Alichukua chaki akachora mstari mrefu toka mbele hadi nyuma ya gari. Chini ya mstari bati lilikuwa limeoza. Juu yake lilikuwa zima.

Niliutazama ule mstari wa chaki, nikakitambua kimo chake.

Nirudi nyuma kidogo. Jumamosi moja kabla gari halijakabidhiwa, mama alitupa kazi ya kuliosha mimi na Njiti. Njiti ni binti wa Fundi Taratibu, tunasoma darasa moja, na ni mwembamba hivyo hivyo kama jina lake. Mama alitupatia ndoo, sabuni na vitambaa laini. Mimi nilipewa upande wa kushoto, Njiti upande wa kulia. "Futeni tu, msisugue," mama alisema, akaenda zake.

Mimi sikutaka kufuta tu. Nilitaka upande wa mama yangu ung'ae mpaka meneja aone meno yake mwenyewe. Nikaenda jiko la karakana, nikachukua waya wa kusugulia sufuria na mchanga laini. Njiti aliniambia, "Mama yako amesema kitambaa." Nikamjibu, "Wewe osha kwenu." Nilisugua toka asubuhi mpaka adhuhuri, nikafika juu kadiri mkono wangu ulivyofika, na kule juu nisikofika nikakumwagia maji tu. Meneja alipopita alisema, "Upande wa Pilipili ni kioo!" Nikavimba kichwa. Mama alilitazama bati kwa muda, akauliza, "Umetumia nini?"

"Kitambaa, mama. Ni nguvu zangu tu."

Alicheka, akanipapasa kichwa.

Sasa mama alikuwa amesimama na chaki mkononi, anauliza swali lile lile. "Wewe ndiye uliyeosha upande huu. Ulitumia kitambaa, sivyo?"

Najua nilichopaswa kusema. Nilikijua hata wakati ule. Lakini nilikuwa nimemwita mtu mzima mwizi mbele ya watu wote, na meza ya mama ilikuwa inaning'inia, na ulimi wangu ukachagua njia uliyoizoea.

"Ndiyo, mama. Kitambaa."

"Basi ni huko zahanati," mama alisema. "Msafishaji wao ndiye aliyesugua. Ijumaa nitawaambia."

Tangu hapo nilimkasirikia kila mtu. Nilimkasirikia meneja kwa sauti yake, nesi kwa mikono yake kifuani, Fundi Taratibu kwa upande wake mzima. Nilimkasirikia hata mama kwa kuniamini. Jumatano nilivunja penseli mbili darasani na kumfokea aliyekaa nyuma yangu kwa kosa la kupiga chafya. Jioni, karakanani, nilisikia mafundi wawili wakinong'ona kwamba mwanamke alipewa kazi iliyomzidi. Nikataka kuwarukia. Kisha nikakumbuka ni nani aliyewapa la kunong'ona, nikaketi tena juu ya kreti yangu.

Alhamisi wakati wa mapumziko Njiti alinifuata nyuma ya vyoo. Njiti hagombani na mtu. Siku ile alinizibia njia.

"Umemwita baba yangu mwizi," alisema.

"Nilikuwa na hasira."

"Wewe kila siku una hasira! Unadhani wengine hatuna? Baba hajala vizuri tangu Jumatatu. Watu wanamtania, wanamwita mla meza. Na wewe unajua nani alisugua lile gari, kwa sababu mimi nilikuona."

Nilitazama kama kuna anayetusikia. "Utanisemea?"

"Sisemi," Njiti alijibu, machozi yakimtoka. "Nikisema mimi, watasema namtetea baba. Utasema wewe. Na kama husemi, usinisalimie tena maisha yako yote."

Akaondoka. Nilibaki pale nikatafuta hasira zangu nimjibu, na kwa mara ya kwanza sikuzipata. Nilichokipata ni woga, woga mtupu.

Ijumaa saa kumi walikusanyika kulizunguka gari: meneja, nesi mkuu, Fundi Taratibu, mafundi wengine, na Njiti aliyekuja na chakula cha baba yake. Mama aliweka mabeseni matatu mezani. Kipande cha kwanza kilikuwa safi. Cha pili kilikuwa na mstari wake tu. Cha tatu, kile kilichovuliwa ngozi, kilikuwa kimegeuka cheusi na kuota vidoa vyeupe kila mahali.

"Bati si bovu, na kazi yangu si mbovu," mama alisema. "Ngozi ya ulinzi imesuguliwa ikaisha. Nasikitika kusema, Nesi, waliofanya hivyo ni watu wako wa usafi."

Nesi alipandwa na hasira. "Watu wangu? Nina msafishaji mmoja tu, na yule kaka ni mrefu kama mlingoti. Anatumia kitambaa, namwona kila asubuhi. Na kama ni yeye, mbona amesugua nusu ya gari? Amepiga magoti wiki nzima? Mama Pilipili, ukikosa jibu sema umekosa, usinitupie mtu wangu asiye na hatia!"

"Hata mimi naona hivyo," meneja alisema. "Hilo si jibu. Basi tumalize..."

Mama aliutazama mstari wake mwenyewe wa chaki kana kwamba umemsaliti.

Nilishuka kwenye kreti. Nilikwenda mpaka kwenye gari, nikageuka nikaegemeza mgongo kwenye bati lililooza, nikainua mkono wa kulia juu kadiri nilivyoweza. Vidole vyangu viliupita mstari wa chaki kidogo tu, upana wa vidole viwili.

"Nimekua tangu siku ile," nilisema. "Ni mimi. Nilitumia waya wa sufuria na mchanga. Mama aliniuliza siku ile nikamdanganya. Akaniuliza tena Jumanne nikamdanganya tena. Msafishaji hajafanya kitu. Fundi Taratibu hajafanya kitu."

Nilisikia bomba la nyuma likidondosha maji.

Meneja alikohoa. "Mama Pilipili, basi... naona nilikuwa na haraka."

"Ndiyo, ulikuwa na haraka," mama alimjibu bila kumtazama. "Tutaongea mimi na wewe kuhusu hilo." Kisha akamgeukia nesi. "Nesi, nimemtupia mtu wako lawama isiyo yake. Nitakuja mwenyewe kumuomba radhi. Bati zote za kushoto nitazing'oa niweke mpya, na sehemu za chini nitazipaka rangi ya kinga juu ya ile ngozi. Kati ya bolti za chuma na alumini nitaweka mpira, visigusane. Na mlangoni nitaandika kwa maandishi makubwa jinsi ya kuliosha, pamoja na sababu yake. Hilo nililisahau mara ya kwanza."

"Lini?" nesi aliuliza. Bado alikuwa amekasirika.

"Jumatano ijayo liko kwako."

Nilikwenda mbele ya Fundi Taratibu. Yule mtu ni mrefu, nikatazama vifungo vya shati lake. "Shikamoo, fundi. Nilikuita mwizi, na tangu Jumanne nilijua hukuiba kitu. Naomba unisamehe."

Alifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Marahaba," alisema. "Nimekusikia. Ngoja nifikirie."

Watu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma nimebeba bakuli. Alitembea kama anayeikanyaga barabara kwa makusudi. Tulipofika kona ya duka la vitabu alisimama, akageuka.

"Nimekasirika," alisema. "Nitakasirika mpaka Jumapili, kwa hiyo usinitengenezee chai ya kunibembeleza. Sasa nisikilize vizuri, maana sitarudia. Kusugua ulikosea, na kosa hilo ni nusu langu, maana nilikukataza bila kukueleza kwa nini. Mtoto anayetaka kazi ya mama yake ing'ae sina ugomvi naye. Lakini siku ile ile niliona bati limeng'aa kuliko kitambaa kinavyoweza. Nikakuuliza, ukanijibu, nikaamini neno lako kuliko macho yangu. Ungesema kweli pale pale ningelipaka gari rangi mchana mmoja, tukaenda nyumbani tukala. Badala yake uongo ukakaa miezi minane unakula polepole chini kwa chini. Umemfikia mjamzito aliyelala ndani ya gari, umemfikia baba wa rafiki yako, na leo umenifanya mimi nimsingizie mtu nisiyemjua hata jina. Kosa linatengenezeka, mwanangu. Nimetengeneza makosa maisha yangu yote, ndiyo kazi yangu. Lakini lazima mtu aniambie liko wapi."

Nililia njia nzima. Hakuninyamazisha, na nadhani alifanya vizuri.

Gari lilirudi zahanati Jumatano kama alivyoahidi, na maandishi mlangoni: MAJI BARIDI, SABUNI LAINI, KITAMBAA. USISUGUE. NGOZI HII NDIYO INAYOLINDA GARI. Tangu hapo kila Jumamosi mimi na Njiti tunakwenda kuliosha. Wiki ya kwanza hatukuongea. Ya pili alinipa kitambaa chake, changu kilipodondoka kwenye tope. Ya tatu msafishaji mrefu alisimama akatutazama, akasema, "Mbona halijang'aa, wadogo zangu?"

"Haling'ai, kaka," nilimjibu. "Lakini ni zima. Njoo ulipapase."

Jumamosi ya nne Fundi Taratibu alikuja kukagua bolti. Alizigusa moja moja, akapiga magoti, akachungulia chini, akainuka, akafuta mikono. Alikuwa tayari ameshaanza kuondoka alipogeuka.

"Wewe Pilipili."

"Naam, fundi."

"Nimemaliza kufikiria," alisema. "Nimekusamehe."